Mahindi ya Tukuyu, Jua la Chamazi

Tarehe 9 Desemba 2024, Tupokigwe Mwaipopo alipanda nusu eka ya mahindi Chamazi, pembezoni mwa Temeke. Kufikia Februari yalikuwa mabua makavu.

Tupokigwe ni mzaliwa wa Tukuyu, na kwa simu yake husikiliza kipindi cha wakulima cha redio ya kwao. Mtangazaji alikuwa amehimiza watu wapande, mvua zimeshika. Zilikuwa zimeshika kweli, huko Tukuyu. Chamazi zilikuwa za vuli, tena zinaishia.

"Mama Elinaza," jirani yake Mwanaheri alimtania, "mvua ya Tukuyu ulitaka ije huku kwa bodaboda?"

"Cheka tu, shoga. Masika utanyamaza."

Mwenye ardhi, Mzee Bakari, hakucheka. Alikuwa amemwazima shamba hilo bure, mradi lisigeuke pori. "Masika nayo yakikushinda," alisema, "nampa mtu wa kufyatua tofali."

Tupokigwe hakuacha redio; alibadili kituo. Alitafuta kipindi cha kilimo cha Dar es Salaam, akapiga simu studio kila Jumamosi mpaka ikapokelewa.

"Mahindi nipande lini?"

"Unalima wapi, mama?" aliuliza bwana shamba aliyealikwa siku hiyo.

"Chamazi."

"Basi usipande kwa kunisikiliza mie. Chimba. Unyevu ukifika shubiri moja, panda. Na uchukue mbegu ya muda mfupi."

Mwanzoni mwa Machi mvua ilinyesha mara moja. Majirani wakapanda, Mwanaheri wa kwanza. Tupokigwe alichimba, akakuta chini ya tope ni vumbi, akarudisha mbegu ndani. Jua likawaka tena. Mzee Bakari akapita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona shamba tupu? Mtu wa tofali kaniuliza tena."

"Mwambie angoje, baba. Hata mie nangoja."

Mahindi ya Mwanaheri yalichipua, yakanyauka. Akaja bila utani.

"Redio yako inasemaje?"

"Redio haioni shamba lako. Lete jembe."

Ijumaa ilinyesha mchana kutwa. Leo asubuhi wamechimba mashamba yote mawili, na Tupokigwe amepima kwa kiganja: udongo umeloa shubiri nzima na zaidi. Kesho, akitoka kanisani, atapanda. Mzee Bakari amesema atakuja kutazama mwezi wa tano, ndipo atakapomjibu mtu wa tofali.