Kumvusha Shangazi Kabula

Sikuondoka Buswelu kwa hamu ya kutembea. Shangazi yangu Kabula, aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne, alikuwa na miadi ya kupimwa uvimbe hospitalini jijini Mwanza kesho yake asubuhi, na alikuwa amekataa kuvuka daraja la Busisi kutoka kwake ng'ambo ya ziwa. Mwanawe Paulo ndiye aliyenipigia simu.

"Dada, Mama hataki kupanda gari lolote linalopita darajani. Nimemwambia basi tupite Kamanga kwa kivuko, anasema maji ni yale yale. Anasema sababu unaijua wewe."

Niliijua. Mimi ni mwalimu wa fizikia, lakini wanaonifahamu kwa mbali wananifahamu kwa riwaya zangu nne za kisayansi, zile za roboti na miji ya kesho. Katika riwaya ya kwanza nilijenga daraja pale Busisi zamani kabla ya hili la kweli, na juu ya daraja hilo nikamuua bibi mmoja anayeitwa Kabula.

Saa moja na nusu asubuhi niliwasha gari langu kuukuu. Nilipitia Kisesa ili nikwepe foleni ya mjini. Kisesa ndipo nilipoanzia kazi, na ndipo nilipoandikia riwaya ile, nyuma ya karatasi za mitihani iliyokwisha kusahihishwa. Mkuu wangu wa shule aliniuliza, "Mwalimu, roboti na Kiswahili wapi na wapi?" Mchapishaji alikaa na mswada miaka mitatu, kisha akajibu kwamba atautoa kama nitaongeza harusi. Niliongeza harusi. Mpaka leo ndiyo sura mbaya kuliko zote nilizowahi kuandika.

Usagara nilisimama kununua mkate na sukari, maana huendi mikono mitupu kwa mtu aliyekulea. Muuzaji aliniita nirudi kuchukua chenji. Nilikuwa nahesabu. Nikifika saa tatu, nikimbembeleza mpaka saa sita, bado nina muda. Akikataa kabisa, je? Uvimbe hausubiri mtu akubali.

Kigongo nilipunguza mwendo. Hapa ndipo foleni ya kivuko ilipokuwa ikitukalisha juani, na hapa ndipo nilipolibuni daraja langu nikiwa mwanafunzi. Lilikuwa daraja lenye akili. Kila anayevuka lilimpima uongo aliobeba, na mwenye uongo mzito lilimwachia akaanguka majini. Mwishoni anakuja Kabula, bibi mwema asiyewahi kudanganya, anaanguka kwa sababu ya uongo aliodanganywa na mtu mwingine. Nilijiona fundi kweli kweli kwa kuubuni mwisho huo. Jina la Shangazi nililitumia kwa mapenzi tu, maana kila nilipofikiria bibi jasiri nilimwona yeye.

Shangazi hajui kusoma. Kitabu kilipotoka nilimsomea mwenyewe, sura kwa sura, likizo nzima. Nilipofika mwisho nikashindwa. Alikuwa amekaa mbele yangu akitabasamu, na mimi nikabuni mwisho mwingine papo hapo. Kabula akavuka, akapokelewa kwa vigelegele. Shangazi alipiga makofi, akakifunga kitabu kwenye kanga na kukiweka sandukuni.

Nililivuka daraja la kweli peke yangu, kama mtu anayekwenda kujibu mashtaka.

Saa tatu na robo nilifika nyumbani kwake, ndani kidogo ya barabara ya vumbi inayotoka Busisi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anachagua matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye ungo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Siku zote huongeza "ng'wanone", yaani mwanangu. Siku hiyo hakuongeza.

Mwalimu Asimwe, binti wa Kihaya aliyepanga chumba hapo kwake, alitoka akanisalimu macho chini. "Nisamehe, dada. Bibi aliniomba nimsomee kitabu chako jioni jioni, nami nikamsomea mpaka mwisho. Sikujua kwamba mwisho wake haujui." Hakuwa na kosa lolote. Alichofanya ni kusoma kilichoandikwa.

Nilikaa mkekani. Nikaanza kufundisha, kama kawaida yangu nikiogopa. "Shangazi, ile ni hadithi. Daraja hili ni zege na nyaya za chuma. Halipimi uongo wa mtu."

"Unaniona mjinga?" alisema bila kuinua uso. "Paulo ameshavuka mara ngapi? Malori ya Geita yanavuka kutwa. Mimi siogopi daraja."

"Sasa unaogopa nini?"

Aliweka ungo chini. Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa rufaa kutoka kituo cha afya, imeandikwa kwa Kiingereza. Paulo alikuwa amenitumia picha ya karatasi hiyo, nami nikamsomea Shangazi kwa simu.

"Kitabu ulinisomea nikavuka. Nikapiga makofi. Kumbe nilizama," alisema. "Na hii ulinisomea, ukasema ni uvimbe mdogo, dakitari anataka kuutazama tu. Sasa mimi nitajuaje? Hapa nimevuka au nimezama?"

Nilitafuta pa kuficha uso nikakosa. Niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote katika maisha yangu.

"Ungempa Mwalimu Asimwe akusomee," nilisema.

"Sikumpa. Nataka usome wewe. Njia ya mwongo fupi, mwanamke wewe, na daraja lenu lile ni refu. Sitaki kuvuka na mzigo nisioujua."

Niliichukua. Nilianza na jina lake, umri wake, kijiji, mambo yasiyo na maumivu. Kisha nikatafsiri polepole. "Ameandika, uvimbe kwenye titi la kushoto. Mgumu. Hausogei ukiguswa. Ameandika..." Nikaurudia mstari kwa macho.

"Endelea."

"Ameandika wanashuku ni saratani. Ameandika mgonjwa asicheleweshwe."

Mwalimu Asimwe aliingia ndani kimya kimya. Shangazi aliwatazama kuku wake wakidonoa chini ya mihogo. Nilingoja alie. Nilikuwa tayari kulia mimi kwanza.

"Haya," alisema mwishowe. "Unaona sasa? Mtu anayekwenda kutazamwa uvimbe mdogo anabeba kanga mbili. Mimi ningebeba mbili, nikafike huko niaibike. Asimwe! Kuku hawa utawalisha wewe. Na yule jogoo mwekundu anadonoa, usimwamini."

Alifunga kanga nne, blanketi, rozari na matobolwa ya njiani. Akakichukua na kitabu.

Saa tisa alasiri tulikuwa darajani, yeye kiti cha mbele, mikono imeshika begi. Nilijirudia hesabu za zege kichwani. Aliniambia niende taratibu.

"Ni wapi nilipozama?"

"Katikati, Shangazi. Karibu na hapa."

Aliinama kwenye dirisha akaangalia maji. "Nimezaliwa kandokando ya ziwa hili. Najua kuogelea. Ungeniuliza kabla, ningekuambia."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko. Katika miaka yote ya kuandika hakuna mhakiki aliyenikamata vizuri namna ile. Yeye hakucheka.

Kesho yake hospitalini walichukua kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya vipimo. Tulingoja majibu siku kumi nyumbani kwangu Buswelu. Asubuhi alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa, nami nilisahihisha daftari moja mara mbili. Nilijaribu kuandika nikashindwa. Mtu niliyezoea kubuni ya miaka mia ijayo, nilikuwa siwezi kuiwazia Ijumaa ya majibu.

Ijumaa hiyo daktari alitueleza kwa upole kwamba Shangazi atafanyiwa upasuaji, akatupa karatasi ya majibu na kutuomba tusubiri nje tupangiwe siku. Tuliketi kwenye benchi la ukutani. Zamani niliamini kwamba ukimpenda mtu unamwandikia mwisho mzuri. Safari hii ilinionyesha kwamba nilikuwa najihurumia mwenyewe, nisilione lile tabasamu likizimika.

Shangazi alinipa karatasi. "Nisomee."

Nilianza juu kabisa. Nikasoma ukubwa wa uvimbe, nikasoma saratani, nikasoma kwamba imefika kwenye tezi za kwapani, jambo ambalo alikuwa hajalisikia bado. Hapo nikasita. Chini palikuwa na mistari mingine mitatu.

Aliuweka mkono wake juu ya goti langu.

"Endelea, ng'wanone."