Mkono wa Laurian

Pale Ihanja mtu akisema "mkono wa Laurian" hakuna aliyeuliza mkono upi. Ulikuwa ule wa kulia, wa kupimia kuku. Mzani Laurian hakuwa nao, na wala hakuutaka. Alimshika kuku mbawa kwa kushoto, kiganja cha kulia akakipitisha kidarini, kikapanda mpaka kwenye kile kifuko cha chakula chini ya koo, na muda huo wote macho yake yakiangalia pengine kabisa, anaulizana na jirani habari za mvua. Kisha anatoa hukumu. "Huyu wiki ijayo anataga, unamuuza kwa nini?" Au: "Huyu mmemshindilia pumba na maji asubuhi ili awe mzito. Mrudishe nyumbani, mama, akapumue." Na hakosei.

Hiyo ni miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na kila mwenye baiskeli akajiona tajiri mtarajiwa. Wengine walikimbilia mitumba, wengine mafuta ya alizeti. Laurian alishika kuku. Alizunguka vijijini akinunua, na kila Jumamosi alikuwa gulioni Ihanja, kando ya barabara kuu, ambako Obadia, mnunuzi wa kutoka Dar es Salaam, alipakia matenga ya Laurian juu ya basi bila hata kuyachungulia. Alichopitisha Laurian kilikuwa kimepita.

Basi, mwezi wa tatu wa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, alikuwa anatoka Sepuka na kuku thelathini na sita nyuma ya baiskeli. Kwenye mteremko gurudumu la mbele likazama mchangani. Baiskeli ikasimama, Laurian akaendelea. Alitua kwa paji la uso, shingo ikapinda nyuma, na alipofungua macho alikuwa anaangalia mawingu na kusikia kuku wakitawanyika kwenye mtama. Miguu ilimwitikia baada ya muda. Mikono haikuitika kabisa.

Watu wa Sepuka walikuja mbio, watu wema sana. Walimketisha, wakamnyoosha shingo, wakamnywesha maji, wakamkanda mabega. Yaani walifanya kila kitu ambacho baadaye daktari alisema hakifanywi. Kuku waliorudishwa walikuwa kumi na mmoja. Wale wengine, kwa maelezo ya wenyeji, walikuwa wa pale pale tangu mwanzo.

Lori la alizeti lilimfikisha mjini Singida, na kutoka hapo akapelekwa hospitali kubwa ya mbali, ambako waliipasua shingo yake kwa mbele. Pingili moja ilikuwa imeubana uti wa mgongo. Wakauachia nafasi, wakachukua kipande cha mfupa wa nyonga wakakipachika shingoni, wakakikaza kwa chuma. Ndiyo maana alipoanza kutembea alikuwa anachechemea. Wagonjwa wenzake walipomuuliza vipi mtu apasuliwe shingo achechemee mguu, aliwajibu kwamba shingo yake imekula nyonga. Kucheka alikuwa anaweza. Kufunga kifungo cha shati hakuweza.

Kulikuwa na dada mmoja wa mazoezi ya viungo, Jenifa, mdogo wa umri lakini mkali. Alimpa bakuli la maharage yaliyochanganywa na punje za mahindi, akamwambia afumbe macho ayatenganishe.

"Nguvu zitatangulia, baba," alimwambia. "Kuhisi kutachelewa. Kunaweza kurudi kote, kunaweza kurudi nusu. Sikudanganyi, na wewe usijidanganye."

Laurian alitenganisha maharage na mahindi kwa wiki sita. Nguvu kweli zilirudi. Lakini alipofumba macho, punje zote zilikuwa kitu kimoja, na kidole chake kidogo kilikuwa kama cha mtu mwingine aliyekisahau pale. Hofu aliyokuwa nayo hakumwambia mtu. Shamba lake lilikuwa dogo, ng'ombe hakuwa nao. Alichokuwa nacho duniani ni mkono ule.

Alirudi Ihanja mwezi wa sita akiwa na kola ngumu shingoni, hawezi kuinama wala kugeuka. Mtu akimwita kwa nyuma, aligeuka mwili mzima kama lori linalotafuta njia. Watoto walimwamkia shikamoo huku wakimchungulia kidevu, wakidhani anaringa.

Sasa, kwao mgonjwa aliyerudi hatembelewi mikono mitupu, na kila aliyekuja kumpa pole alikuja na kuku. Na kila mmoja, kwa mapenzi na utani, alimwekea yule kuku mkononi. "Haya, tuambie. Mkono upo?"

Afanye nini? Alipitisha kiganja kidarini, hakusikia kitu, ni kama amevaa soksi mkononi. Akamtazama mgeni usoni. Mgeni akitabasamu kwa fahari, Laurian alisema, "Ana nyama huyu!" Mgeni akiangalia pembeni, alisema, "Amekonda kidogo, lakini moyo wako nimeuona." Wakapiga makofi. Habari ikaenea mpaka Sepuka kwamba shingo imekatwa, mkono umebaki.

Mwezi wa nane akarudi gulioni. Ndipo akagundua kwamba wauzaji wa Jumamosi hawana nyuso za wageni wa pole. Wana nyuso za wauzaji. Wiki ya tatu Obadia alimvuta kando.

"Kaka Laurian, kuku wako siku hizi wakifika Dar wamesinyaa kama wamefunga mwezi mzima. Kuna nini?"

"Joto," alijibu Laurian.

Mke wake, Marietha, alikuwa hapo karibu na akasikia. Joto! Mwezi wa nane Singida, upepo wa baridi unatoboa koti. Jioni hiyo, Laurian akiwa kitini uani, alimjia kwa nyuma, akampakatisha ndege.

"Nipimie huyu, Baba Noel. Nataka kumuuza."

Laurian, ambaye kwa kola ile hakuweza kuona mapaja yake mwenyewe, alipapasa kwa madaha. "Mtetea mzuri. Kidari kimejaa. Usimuuze kwa bei ya kutupa."

"Ni bata," alisema Marietha.

Bata naye akanya.

Siku nyingine wangecheka mpaka majirani waje. Siku hiyo Laurian hakucheka.

"Sihisi, Mama Noel," alisema. "Tangu Sepuka sihisi. Naogopa. Mkono huu usiporudi, mimi ni nani hapa Ihanja?"

Marietha alimfuta suruali kwanza, kisha akaketi chini miguuni pake ili amwone. "Ni Baba Noel," alisema. "Na mimi kuku nimefuga tangu nina miaka saba. Jumamosi nakuja nawe. Nitapima, wewe utapatana bei."

Hilo hakulitaka. Gulioni wanaume ndio walionunua kuku, wanawake wakauza. Mnunuzi kumpa mkewe ampimie mbele za watu ni kutangaza amekwisha. Kwa wiki kadhaa Marietha alikwenda naye akasimama nyuma tu, na Laurian akaendelea kubahatisha, na Obadia akaendelea kununa.

Mwezi wa kumi, kola ikiwa imekwisha kuvuliwa ingawa shingo ilibaki ngumu, gulio lilifurika watu wenye kofia za vyama. Bibi Sikudhani, mjane mwenye ulimi wa haraka, alimletea kuku mweupe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mshike huyo, mwanangu. Mzito huyo."

Laurian alimshika. Mzito alikuwa kweli, bega lilimwambia. Uzito wa nyama au wa pumba? Alimtazama bibi, na uso wa bibi ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Ijumaa Kuu. Watu walikuwa wanasubiri. Obadia naye amekunja mikono. Laurian akachoka. Alichoka kwa mara moja, kama mtu anayetua mzigo.

"Sijui," alisema.

"Hujui nini?"

"Sijui kama ana nyama au pumba. Mkono wangu haujarudi. Nimewadanganya tangu mwezi wa nane." Akageuka mwili mzima. "Mama Noel, njoo nishikie."

Marietha alimchukua kuku, akapitisha kiganja mara moja, akafika chini ya koo.

"Pumba," alisema. "Na bado ni za moto."

Kicheko kilichopasuka hapo kilimwangukia Bibi Sikudhani, naye akacheka zaidi ya wote. Marietha akamrudishia mumewe kuku ili amrudishie bibi. Lakini kuku yule alikuwa amechoshwa na kushikwashikwa. Aligeuza kichwa akamdonoa Laurian kidole kidogo cha mkono wa kulia, akadonoa kwa nia.

"Aah!" Laurian akaruka.

Kisha akatulia, akainua kidole mpaka usawa wa macho. Tone la damu lilikuwa linatoka.

"Kimeuma," alisema taratibu. "Mama Noel. Kimeuma!"

Akamsogezea kuku kidole tena, akambembeleza. "Hebu rudia, mama. Rudia." Kuku akarudia, na safari hii Laurian alipiga ukelele uliofika barabarani. Machozi yakamtoka. Mtu mwingine angeinamisha uso kuyaficha, lakini shingo yake haikuinama, kwa hiyo gulio zima liliyaona, na Marietha akamshika mkono huku naye analia.

"Sasa unamchukua au humchukui?" aliuliza Bibi Sikudhani.

"Namchukua, bibi."

"Na pumba zake?"

"Na pumba zake," alisema Laurian, na akalipa bei yote aliyotajiwa.