Macho ya Nalangu

Mama mkwe wangu Nalangu ndiye aliyekuwa akitengeneza olkaria, ile rangi nyekundu ya kujipaka, hapa kwetu Kakesio. Udongo wake hauanzi ukiwa mwekundu. Ni wa njano, aliufuata mwendo wa siku mbili na punda. Aliutwanga, akaukanda na mavi makavu ya ng'ombe, akafinyanga madonge na kuyaanika. Akiyawasha, mavi yanaungua humohumo ndani polepole, moshi tu, na donge likipoa unalivunja unakuta unga mwekundu, laini kuliko sembe.

Mwaka wa themanini na mbili mtoto wa jirani yetu Nalotuesha alikuwa ametoka jando, anyolewe na kupakwa rangi kesho yake. Nalangu aliwasha madonge alfajiri.

"Mama Sakaya, nakwenda kunywesha ndama. Ukiona mwali wa moto, mwagia majivu. Usiongeze kitu."

"Sawa, yeyo," nikaitika, kwetu ndiyo mama.

Mwanangu Sakaya alikuwa anaota meno, analia mgongoni, moshi unamwingia machoni. Nami msomi wa darasa la saba nikajiona najua: moto mkubwa huivisha upesi. Nikatia kuni za mzeituni. Mwali ukapanda, moshi ukaisha, mtoto akalala. Nikafurahi, jamani.

Jioni Nalotuesha akaja na wenzake. Nalangu akavunja donge la kwanza. Lilikuwa jeusijeusi, kama ini lililolala. Akavunja la pili, la tatu. Yote.

"Nalangu, hii ya kupaka mtoto au ya kupaka sufuria?" Nalotuesha alisema, wenzake wakaangua kicheko.

Nalangu aliona mkaa wa mzeituni kwenye majivu. Akaufunika kwa mguu.

"Macho yangu yamezeeka," alisema. "Moto umenishinda."

Mimi nikamnyonyesha Sakaya, ambaye hakuwa na njaa.

Nalotuesha alitafuta rangi kule Endulen, na wengine wakamfuata hukohuko. Nalangu hakuniuliza neno. Heri angenigombeza.

Miaka mitatu baadaye nilifuata udongo mwenyewe, nikakaa na moshi kutwa nzima. Ukatoka mwekundu. Nikampelekea Nalotuesha kibuyu kimoja.

"Kumbe umemshinda mama mkwe wako!" akacheka.

"Yale madonge niliyaunguza mimi," nikasema. "Yeye hakuwepo."

Kicheko kikakatika.

"Na miaka yote hii tunamwita kipofu, wewe umekaa hapo unasikia?"

Kibuyu kilibaki chini katikati yetu, hakuna aliyekigusa.