Nilivyoshindwa Kupigwa na Mzee wa Kriketi

Watu wakisikia nilicheza kriketi wananitazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala, halafu wanauliza nilikuwa nafagia uwanja au nalinda geti. Siwalaumu. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, sikumbuki nani alianza. Lakini mpira niliurusha, na karibu niurushie taifa. Hilo neno "karibu" ndilo linanifanya niandike.

Nilikuwa konstebo, kijana wa kaskazini, nakaa kambi ya polisi Kampala, upande wa Ntinda. Vita ya themanini na sita ilikuwa imekwisha na kila mkubwa alikuwa anarudisha kitu: huyu anarudisha nidhamu, yule anarudisha heshima. Kwetu koplo mmoja akarudisha kriketi. Aliikuta wapi sijui. Alitukusanya kwenye ile nafasi kati ya safu mbili za nyumba za mabati, akasimika vijiti vitatu, akasema mpigaji asimame mbele ya vijiti na bati lake, yaani ule ubao wa kupigia, mrushaji atoke mbali akimbie na arushe mpira. Ukiangusha vijiti, mpigaji ametoka. Basi. Mengine yote, alisema, ni ya kuzungumza wakati wa chai.

Sasa nyuma ya vijiti kulikuwa na majiko, na kwenye majiko kulikuwa na wake za askari. Ukirusha mpira ukadunda katikati ya njia, ile murram, udongo mwekundu mgumu, iliurusha juu ya kichwa cha mpigaji, nao ukatua kwenye sufuria ya maharage. Nilifanya hivyo mara moja. Mama mmoja wa Kiteso alinifukuza na mwiko hadi kwenye bendera, na askari wa zamu akapiga saluti, sijui kwa bendera au kwa mama. Toka siku hiyo kambi nzima ilijifunza kurusha mpira mahali pamoja tu: kwenye vidole vya miguu ya mpigaji. Pale haudundi, haupai, haumwagi maharage. Mimi nikafanya hivyo miaka na miaka, mpaka mkono ukasahau kwamba dunia ina mahali pengine.

Kumbe huo ndio mpira mgumu kuliko yote kuupiga. Hatukujua. Sisi tulikuwa tunaokoa chakula.

Basi ikafika barua ya uhamisho. Karamoja, mbali kaskazini mashariki. Afande wangu, mtu mnene mwenye huruma ya kipolisi, aliniita ofisini.

"Konstebo, unaenda kulinda ng'ombe ya wenyewe."

"Afande, mke wangu ni mja mzito."

"Hata ng'ombe ya huko wengine ni waja wazito. Utakuwa nyumbani."

Nilisimama pale kama mlingoti. Mimba yetu ya kwanza ilikuwa imeharibika tukiwa kituo cha mbali, mahali ambapo daktari alipita kama mvua, na mwaka ule kulikuwa na ukame. Hii ya pili ilikuwa imefika miezi ya mwisho, na sista wa hospitali alikuwa amemwambia mke wangu asipande lori hata la kwenda sokoni. Nadhani afande aliona uso wangu, kwa sababu alifunga mlango.

"Sikia. Mchezaji wa timu ya taifa hahamishwi. Ni amri ya juu. Jumamosi wanachagua warushaji wa kwenda Nairobi. Jumatatu niletee habari kwamba umechaguliwa, hii barua ninaikalia. Usipoleta, Alhamisi kuna lori."

Nilimweleza mke wangu. Yeye ni mtu wa maneno machache, alikuwa hivyo hata alipokubali kuolewa. Aliniuliza tu, "Hao wanaochagua wanapenda nini?"

Hilo ndilo swali ambalo mimi, askari mzima, sikuwa nimelifikiria.

Nikaenda kuulizia kwa warushaji wenzangu wa klabu za mjini, nao wakacheka. Mkuu wa kamati ya uchaguzi, walisema, alikuwa mzee mwenye maduka na tumbo, aliyekuwa mpigaji hodari zamani, zamani ile ambayo mashahidi wake wote wamekufa. Yeye haamini macho. Anaamini bati. Siku ya uchaguzi anavaa mwenyewe zile pedi za kukinga miguu, anasimama mbele ya vijiti, na kila mrushaji anamrushia.

"Ukimtoa, umemtukana," aliniambia kijana mmoja wa chuo, mwembamba kama mwavuli uliofungwa. "Mpe mpira mzuri wa kupiga. Aupeleke mpaka kwenye kamba ya mwisho wa uwanja. Halafu shika kichwa, ukisema, banange, jamani, huyu mzee!"

"Sasa atajuaje nani anaweza kumtoa mpigaji wa Kenya?"

"Bro, wewe unataka kwenda Nairobi au unataka kuuliza maswali?"

Nilitaka kubaki Kampala, lakini hiyo ilikuwa hadithi ndefu.

Jumamosi nilivaa viatu vyangu. Ngoja niviseme hivyo viatu. Viatu vya kriketi vina meno chini, na mimi sikuwa na uwezo wa vya duka, kwa hiyo nilipeleka buti zangu za kazi Katwe, kwa fundi wa kutengeneza masigiri ya mkaa na milango. Alizipigilia misumari kwa ufundi wote aliokuwa nao, ambao ni ufundi wa milango. Nikitembea kwenye saruji nilisikika kama farasi wa harusi. Mke wangu alinisindikiza mpaka getini, mkono kiunoni, akaniambia, "Baba, leo usijione mwanamume. Mwache mzee apige."

Uwanjani kamati ilikuwa imekaa chini ya hema, pembeni kabisa, mahali ambapo huwezi kuona mpira unaelekea wapi lakini unaona vizuri sahani ya sambusa inaelekea wapi. Mzee akatoka. Pedi mbili, glavu, kofia, na mtu wa kumbebea bati. Katibu wa kamati akawa mwamuzi.

Yule mwanafunzi akatangulia. Alikimbia vizuri sana, nywele zinaruka, halafu akaachia mpira laini kama ugali wa mgonjwa. Mzee akaupiga hadi kwenye kamba. Hema likapiga makofi. Mwanafunzi akashika kichwa.

"Huyu ana nidhamu ya mupira!" mzee akatangaza. "Andika huyu!"

Wakafuata wengine watatu, nao wakapigwa kwa nidhamu. Walibakiza nafasi moja, na mimi.

Nilikimbia kwa zile buti nikiwa na wazo moja tu kichwani: katikati, laini, juu kidogo, apige. Nikaachia. Mkono ukafanya unachokijua. Mpira ukashuka kwenye vidole vya mzee, ukapita chini ya bati, vijiti viwili vikalala.

Katibu alitazama vijiti, akamtazama mzee, akanyoosha mkono. "Mpira haramu! Mguu ulivuka mstari!"

Nilimshukuru kwa moyo wote. Nadhani ni mrushaji pekee duniani aliyewahi kumshukuru mwamuzi kwa hilo.

Mara ya pili nikapunguza mwendo kabisa. Nilirusha kama unavyompa mtoto chungwa. Chungwa nalo likaenda kwenye vidole vya miguu. Mzee akaruka juu kuokoa kucha zake, na alipotua alitua kwenye vijiti vyote vitatu.

"Jua limeniingia machoni!" akapiga kelele. Jua lilikuwa kisogoni mwake, lakini mimi nani wa kumfundisha mtu jua liko wapi.

"Weye askari, nani alikutuma?"

"Hakuna, mzee. Naomba kurudia. Sasa utaupiga, naapa."

Hapo ndipo nilipoharibu. Hema zima lilisikia. Mzee akawa mwekundu kwa jinsi mtu mweusi anavyoweza kuwa mwekundu, akasimama vizuri, akasema, "Rusha yote unayo."

Sikurusha yote niliyonayo. Nilifumba macho, nikarusha nikimfikiria mke wangu kwenye lori. Niliposikia vijiti vinagonga ardhi sikufumbua.

Nafasi ya tano ilienda kwa mpwa wa katibu, ambaye alikuwa mpigaji. Walisema atajifunza kurusha njiani, maana basi la Nairobi lina masaa mengi.

Jumatatu afande alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulishindwa kupigwa? Konstebo, hata raia wanaweza kupigwa!"

Tukaanza kufunga mizigo. Mke wangu alikunja nguo za mtoto ambaye bado hajaja, akaziweka juu kabisa ya sanduku, mahali ambapo mtu anaweza kuzitoa haraka barabarani. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumatano jioni gari jeupe likaingia kambini, watoto wakilifuata. Ndani alikuwa mzee mwenyewe. Hakushuka. Akateremsha kioo kidogo.

"Weye. Ule mupira. Unaurushaje?"

"Sijui, mzee. Ni maharage."

"Maharage gani?"

Nikamweleza habari ya majiko, na yule mama, na mwiko. Alinisikiliza bila kucheka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya chini ili dereva asisikie, kwamba hajalala toka Jumamosi. Miaka mingi watu wanamrushia ugali, na yeye alijua ni ugali, hakuwa mjinga. Alitaka kuupiga ule mpira wangu mara moja tu, kabla hajafa.

"Basi nichague, mzee. Nitaenda Nairobi."

"Nairobi? Wee! Watu wataniuliza kwa nini nilikuacha. Utakuja kwangu."

Akaenda ofisini kwa afande. Walikaa ndani kwa muda wa soda moja. Asubuhi lori likaondoka na konstebo mwingine, na mimi nikaandikiwa zamu ya kulinda nyumba ya mzee, kule kilimani juu ya Kabalagala. Silaha: mpira mmoja.

"Umechaguliwa?" mke wangu aliniuliza.

"Na mtu mmoja."

Akazitoa nguo za mtoto kwenye sanduku, moja moja, akazirudisha kwenye kamba.

Timu ya taifa ilikwenda Nairobi na wale warushaji wenye nidhamu, na kule nako wakapigwa, maana walikuwa wamezoea. Gazeti liliandika kwamba tumepata uzoefu. Mimi kila jioni nilikuwa uani kwa mzee, mkeka wa kurushia mpira umetandikwa kati ya banda la kuku na maua ya mkewe, naangusha vijiti. Alinitukana kwa Kiganda, kwa Kiingereza, na siku mbaya kwa Kiswahili.

Jioni moja mlinzi wa geti akaja mbio. Simu kutoka hospitali: mke wangu amejifungua, mtoto wa kike, wote wazima. Nikautupa mpira chini, nikaanza kukimbia.

"Ssebo, bwana!" mzee akaita, yuko kwenye pedi zake, jasho linamtoka. "Mmoja tu. Halafu dereva atakupeleka."

Nikaurudia mpira. Mkono ulikuwa umesahau njia yake, macho yana maji, sikuona vijiti wala vidole. Nikaachia, ukaenda juu, upande, sijui wapi. Mzee akazungusha bati, ukalia paa! Ukavuka ua, ukateremka kule kwenye mabaa ya Kabalagala.

"Nimeupiga!" alikuwa anaruka kama mtoto, pedi zinagongana. "Umeona? Nimeupiga!"

"Nimeona, mzee," nikasema, na tayari nilikuwa naingia kwenye gari.