Aproni Juu ya Kamera

Shangazi yangu, tuliyemzika Jumamosi, alikuwa akibisha hodi kabla ya kuingia chumba cha maiti. Hospitali nzima ilimwita Mama Hodi. Kazi yake ilikuwa kuwaosha marehemu kabla ndugu zao hawajaja kuwachukua, na mara nyingi aliifanya peke yake.

"Siku ukijibiwa 'karibu' utatoka mbio na ndoo kichwani," dereva wa gari la wagonjwa alimtania.

"Nikijibiwa nitaingia. Si nimebisha mwenyewe?"

Humo ndani alizungumza na marehemu. "Samahani baba, nakugeuza ubavu." Jioni, akivua viatu mlangoni kwetu, alijiuliza kwa sauti: leo nimemshika nani kwa papara? Akimkumbuka mtu, alimwombea kwa Mungu kabla hajagusa chakula.

Mwaka jana pete ya marehemu mmoja ilipotea, hospitali ikaamua kufunga kamera chumbani mle. Fundi aliyekuja kuifunga, kijana mpenda vitabu, alimsimulia shangazi kwamba katika mafunzo ya Konfusio, mwalimu wa Uchina ya kale, mtu hujijenga kwa kujichunga pale asipoonwa na yeyote.

"Huyo mzee tungeelewana," shangazi akasema. "Sasa wewe mwanangu, unamtaja huku unakaza skrubu?"

Fundi akacheka kwa aibu, akaendelea kukaza.

Baada ya wiki chache msimamizi wa hospitali akamwita shangazi ofisini, tabasamu hadi masikioni. Akamgeuzia kompyuta. Kwenye video, shangazi alikuwa akimwosha mama mmoja taratibu, akimfunika kila sehemu aliyoimaliza.

"Hii tutawaonyesha wafanyakazi wote. Wewe ndiye mfano wa kuigwa."

Shangazi hakujitazama. Alimtazama yule mama, yuko uchi kwenye skrini juu ya meza ya mtu asiyemjua.

"Watoto wake umewaomba ruhusa?"

"Mama Hodi, mbona tunakusifu!"

"Mimi nilikuwa namfunika. Wewe umemfunua."

Akarudi chumba cha maiti, akapanda kiti, akaitundika aproni yake juu ya kamera. Msimamizi akamfuata nyuma.

"Mwenye kuficha ana jambo!"

"Ninalo. Huyu hapa," akasema, akimwonyesha aliyelala mezani.

Akaambiwa aiondoe aproni au asiguse maiti tena. Hakuiondoa. Wakaiondoa wenyewe, wakamrudishia, kisha wakamhamishia kufua mashuka.

Nyumbani tulimshauri aombe radhi arudishiwe kazi yake. Nikamwambia Mungu anatuona kila mahali, kamera ni kitu gani?

"Mungu anaona, mwanangu, lakini hamwonyeshi jirani."

Wiki iliyopita homa ilimchukua, katika hospitali ileile. Akapelekwa chumba kile. Niliomba nimwoshe mwenyewe, na wakanikubalia.

Nilibisha hodi. Mle ndani taa nyekundu ya kamera ilikuwa inawaka. Nikapanda kiti, nikatundika aproni yake niliyoitoa nyumbani, kisha nikachovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu.

"Samahani shangazi, nakugeuza ubavu."

Sijamaliza mgongo, simu ya ukutani ikalia. Alikuwa msimamizi.

"Kuna nguo imeziba kamera. Iondoe sasa hivi."

"Njoo uiondoe mwenyewe," nikamjibu. "Ila mlangoni ubishe hodi. Na usubiri ujibiwe."

Hakuja. Nikamfunika shangazi mgongo, nikaendelea na miguu. Nilipomaliza niliondoka, na aproni nikaiacha palepale.