Ismael Yuko Haremu

Ashura, muuza mandazi wa soko la Kakamega, alikuwa jirani yangu. Mwislamu wa Mumias, mkarimu, ila kichwa kigumu! Mwaka ule wa uhuru alikuwa na furaha mbili: mwanawe Ismael kusoma Amerika, na Zainabu, binti aliyemposea, akimngoja. Kila jioni Zainabu alikuja kumsaidia kukanda unga, wakataniana hadi mimi, upande wa pili wa ukuta, nicheke.

Basi akaja Protus, mwalimu wa Bukura aliyekuwa na Ismael huko New York. Na ndimi zetu Waluhya mnazijua, l na r kwetu ni mamoja. Akasema haraka, basi linamngoja, "Mama, Ismael ni mzima. Siku hizi anaishi Haremu, na ameipenda, hataki kuhama!"

Akakimbilia basi lake. Ashura akashika kichwa. "Astaghfirullah! Mwanangu anaishi haramu! Na mwanamke gani?"

"Tumwulize Protus vizuri," nikamwambia.

"Beldina, mimi si kiziwi!"

Kumwandikia Ismael akakataa katakata. Aibu ilimla, akakonda. Mwishowe akaenda mwenyewe kwa babake Zainabu: mwozeni binti yenu, wangu amepotea. Nilimwambia hasira hasara, akanifukuza na mwiko. Zainabu alilia, lakini nani alimsikiliza? Akaolewa na Bashir, mfanyabiashara wa Matungu.

Mwaka uliofuata Protus akapita tena. Ashura akamuuliza kwa uchungu kama mwanawe bado yuko kwenye haramu. Protus akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Haremu ni mtaa, mama! Mtaa wa kale wa watu weusi. Nyumba za matofali mekundu, ngazi zinashuka mpaka barabarani, makanisa kila kona, na msikiti anaposali Ismael kila Ijumaa. Wageni wanatoka mbali kuutembelea. Ukifika New York usiuone, hujafika!"

Mungu wangu! Na Zainabu, aliyekuja kumsalimu, alikuwa mlangoni, amesikia yote. Protus hakujua kitu, akamgeukia kwa furaha.

"Wewe ndiye Zainabu? Shemeji, jiandae! Ismael amepanga nyumba hukohuko, anakuja kukuoa."

Zainabu akajifunika uso kwa buibui. Ashura akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akilia, "Mwanangu, nimekuua."

"Simama, mama," Zainabu akasema. "Bashir ananingoja nje."