Chai Iliyoitangulia Kengele

Mama Birika alipiga kura nchi yake ijitoe kwenye Muungano, na hakumficha mtu. Alivaa gauni lake la kutokea, akapanga foleni tangu alfajiri, akarudi nyumbani akionyesha kidole chenye wino kama bibi harusi anayeonyesha pete. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa ng'ambo ya mto, kwa watu wale wale tuliokuwa tunawaaga. Si kwamba alisahau. Alidhani nchi zikiachana, mama na mwana hayawahusu.

Binti alikuwa na mimba ya kwanza na siku zilikuwa zimekaribia. Alipopata habari alimpigia mama yake simu, nusu anacheka nusu analia, kwamba kura ile amepigiwa yeye ili atupwe. Mama Birika akamjibu kuwa alipigia kura barabara na umeme, mtoto hakumpigia. Kisha simu ikapokonywa na mkwe mwenzake, mama wa mume, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kukata kitunguu.

"Usihangaike, mkwe," alisema. "Mjukuu nitamwogesha mimi. Wewe tutakutumia picha, na ukipata viza utakuja umwone akianza shule."

Mama Birika alicheka kicheko cha mdomoni. Usiku ule hakupata lepe la usingizi.

Kazi yake ilikuwa kupika chai katika jengo la Muungano, akiibeba katika birika kubwa la bati lililompa jina. Ukumbi wa juu ndiko mazungumzo ya kuachana yalikofanyika. Mwenyekiti alitoka nchi ya tatu, mtu mfupi mwenye subira ya kinyonga. Alipoona wajumbe wanakunywa kuliko wanavyosema, aliweka sheria moja: chai hainywewi mpaka kifungu kipite. Kikipita anagonga kengele, ndipo Mama Birika anapanda. Sheria ilifanya kazi kuliko hotuba. Kifungu cha reli kilipita asubuhi mapema, na cha maji ya mto kilipita wajumbe wakiwa wananusa iliki kutoka ngazini.

Kikaja kifungu cha watu kuvuka daraja. Hapo gari likanasa. Wale wa ng'ambo walitaka kila mtu awe na kibali. Wetu walitaka kitambulisho tu kitoshe. Kila upande uliogopa kurudi kwao ukaambiwa umelegea. Na Muungano ulikuwa unakufa Jumamosi. Kifungu kisipopita, lango la daraja linafungwa, na aliye huku ni wa huku.

Ikapita Jumatatu bila kengele, ikapita Jumanne. Mama Birika alichemsha chai, ikapoa, akaichemsha tena mpaka ikawa chungu kama dawa, akaimwaga akaanza upya. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyeosha vikombe pale, na kwa siku zile hakuwa na cha kuosha ila masihara.

"Si ulitaka talaka, wifi?" alimwambia. "Haya, kaa eda."

Mama Birika alimrushia kitambaa cha meza.

Jumatano joto lilikuwa la kuivisha mayai. Jikoni palikuwa na jiko la gesi na dirisha pana, na balbu yenyewe ilishaungua zamani bila mtu kuibadilisha. Mchana, mara kule juu ukumbi ukalipuka kwa makofi. Watu walishangilia, viti vikaburuzwa, mtu akapiga mluzi. Mama Birika akaweka mkono kifuani. Kengele hakuisikia, lakini nani angesikia kengele ndani ya kelele zile? Alinyakua birika, akapanda ngazi kama msichana, vigelegele vikamtangulia mlangoni.

Birika alilitua katikati ya meza, juu ya makaratasi. Akamkumbatia kiongozi wa ujumbe wa ng'ambo, mwanasheria mwembamba ambaye hajaonekana akitabasamu tangu aje.

"Mungu akulipe, mwanangu. Binti yangu yuko kwenu, anajifungua wiki hii hii. Nilijua mjukuu nitamwona kwenye picha." Akamgeukia kiongozi wetu, yule tuliyemwita Mzee wa Miwani. "Na wewe baba nisamehe. Nimekutukana sana kule jikoni."

Ukumbi ukanyamaza, isipokuwa feni. Kumbe makofi yalikuwa ya feni. Umeme ulikatika tangu asubuhi, wajumbe wakajipepea kwa rasimu zao mpaka zikalegea kwa jasho, na uliporudi pande zote mbili zilishangilia kwa pamoja, jambo la kwanza walilokubaliana wiki nzima. Karani alifungua mdomo amweleze. Mzee wa Miwani akamkanyaga mguu chini ya meza. Mwenyekiti, mwenye sheria yake mwenyewe, ndiye aliyechukua kikombe wa kwanza.

Mama Birika akashuka akiimba, akampigia binti yake pale pale ngazini. Sauti yake haijawahi kuhitaji simu, basi ukumbi wote ukasikia jinsi anavyomwambia mwanawe asilie tena, mama yake anakuja.

Yaliyofuata aliyasikia wifi, aliyepanda kufuata vikombe. Mwanasheria aliuliza nani atashuka jikoni kumwambia yule mama ukweli.

"Mimi siendi," alisema mwenyewe.

"Nami sithubutu," akasema Mzee wa Miwani. "Nimeshatukanwa ya kutosha."

Mwanasheria akacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, watu wake wakatazamana. "Basi andika, karani. Mwenye ndugu wa damu au wa ndoa ng'ambo avuke kwa kitambulisho. Hao wengine tutawagombania kesho."

Kengele ikagongwa. Jikoni Mama Birika akashangaa, hiyo tena ni ya nini. Wifi alishuka akicheka hadi akakaa kwenye ngazi ya mwisho, vikombe vikigongana mikononi, ndipo akaweza kusimulia. Mama Birika alijifunika uso kwa aproni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na wifi akajua naye anacheka.

Jumapili alifika darajani na kikapu. Askari wa lango alikitazama kitambulisho, akamuuliza anakwenda kwa ndugu gani.

"Mjukuu wangu."

"Jina lake?"

"Hana. Kazaliwa jana, bado wananingoja mimi."

Askari akainua mti wa kizuizi kwa mkono wake. Upande wa pili mkwe mwenzake alikuwa amesimama juani, akampokea kikapu bila neno la kejeli, wakakumbatiana mpaka njia ikazibika. Habari ya nani atamwogesha mtoto waliianza humo humo njiani, na hata walipofika nyumbani ilikuwa haijaisha.